Stefka Boychuk na Adabu za Barafuni

Stefka Boychuk alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya kubebea magunia. Aliendesha basi la shule kwenye nyanda za Saskatchewan, kule Kanada, mpaka watoto aliowabeba wakaja kumpandishia watoto wao. Dhoruba ya theluji ikivuma, yeye anacheka. Na mdomo je? Ee Mungu wangu! Ukimchokoza asubuhi, utajuta mpaka jioni. Lakini hakuna kitu alichokipenda, hata pirohi za marehemu mama yake, yale mandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, kama mchezo wa mawe ya barafuni.

Msicheke, huo ni mchezo wa watu wazima wenye akili zao. Unachutama mwisho wa uwanja wa barafu, mguu umeukita kwenye kikanyagio, unajisukuma na kuliachia jiwe zito liteleze hadi kwenye duara lililochorwa upande wa pili. Wenzako wawili wanalitangulia na mifagio. Wakisugua barafu, jiwe linakwenda mbali; wakiacha, linapungua mwendo. Mawe ya mwisho hutupwa na nahodha, na nahodha wa timu moja ya akina mama wa mji wake alikuwa Stefka. Nani angebisha?

Basi mkono wa kulia ukaanza kutetemeka. Akasingizia baridi. Kisha mguu nao ukaanza kugoma mlangoni: mwenyewe anataka kupita, unyayo umegandama sakafuni. Hapo hofu ikamwingia, akaenda mji mkubwa wa Saskatoon kwa daktari mmoja binti, Lavallée, ambaye hakumumunya maneno. Alimwambia ana ugonjwa wa Parkinson.

"Ubongoni, mama, kuna seli za aina nyingi," daktari akaeleza. "Kuna zinazosema 'nenda', na kuna zinazosema 'tulia'."

"Mafuta na breki."

"Hapo hapo. Sasa kuna aina ya tatu, zimejificha chini kabisa. Hizo hutoa kemikali inayozitia nguvu za 'nenda' na kuzituliza za 'tulia'. Ndizo zinazokufa."

"Kwa hiyo nimebaki na breki tupu! Nipe dawa ya kuziua hizo breki, tumalize maneno."

Daktari akacheka. "Ukiziua utarusharusha mikono kama aliyevamiwa na nyuki. Zinahitajiana, mama. Ukinyoosha mkono uchukue kikombe, za 'nenda' zinausukuma mkono, na za 'tulia', wakati huo huo, zinazuia mwili mwingine usifuate."

Stefka akavuta kiti karibu. "Haya, nifundishe."

Akaandikiwa vidonge, na daktari akamwongezea ushauri. "Ukiganda, usishindane na mguu. Tafuta kitu cha nje. Mstari sakafuni, makofi, mtu wa kukuhesabia. Ubongo una njia nyingine ya kuanzisha mwendo, na hiyo bado ni nzima."

Ilikuwa kweli. Jikoni kwake Stefka alihesabu kwa sauti, na mguu ukatii. Lakini kuwaomba wenzake wamhesabie kama mtoto wa chekechea? Ng'oo! Kwamba anaumwa walijua, maana mkono hauwezi kufichwa. Hilo la kuhesabiwa akalimeza.

Berna, rafiki yake wa tangu ujana na msaidizi wake kwenye timu, akamjia na ushauri. "Shoga, si utumie fimbo? Unalisukuma jiwe ukiwa umesimama. Inaruhusiwa."

"Siku nitakayoshika fimbo hiyo, muiteni na padri kabisa."

"Haya. Basi tuambiane ukweli. Ukiganda kwenye fainali ya msimu huu, mwakani nahodha ni mimi. Sisemi kwa ubaya."

"Sawa," akasema Stefka. Moyo ulimchoma, maana alijua Berna ana haki.

Fainali wakakutana na timu ya Ingrid Tollefson wa mji huo huo, mwanamke mrefu, hodari, waliyekuwa wakitaniana naye kwa miaka mpaka utani ukakaribia ugomvi. Likabaki jiwe moja, la Stefka. Jiwe la njano la Ingrid lilikuwa limekaa katikati ya duara. Stefka akiling'oa, ushindi ni wa timu yake.

Stefka akachutama. Akaushika mpini wa jiwe. Mguu ukaganda.

Mjue kwamba barafuni mtu akichutama watu hunyamaza. Ndiyo adabu, wanafundishwa tangu utotoni. Ukumbi mzima ukanyamaza, na kwa sababu walimpenda, walinyamaza kupita kiasi. Anayekohoa akajiziba mdomo. Wote wanamhurumia, na huruma yao ndiyo inayommaliza! Akajihesabia moyoni, wapi. Akajaribu kwa sauti, lakini ugonjwa ulikuwa umeila na sauti. Ikatoka hafifu, hata yeye haikumfaa. Kule kwenye duara, Berna aliyekuwa amesimamisha ufagio kumwonyesha pa kulenga akaanza kuushusha taratibu, machozi yakimlengalenga.

Stefka akaona ufagio unashuka. Aibu na hasira zikampanda pamoja, akavuta pumzi yote iliyokuwamo kifuani.

"Mbona kimya kama matangani? Sijafa! Nihesabieni, jamani! Pigeni kelele!"

Hakuna aliyethubutu. Kupiga kelele mtu akiwa amechutama? Watu wakatazamana.

"Kha! Kama hamsemi, nasema mimi!" Alikuwa Ingrid. Akagonga mpini wa ufagio wake kwenye barafu, puu! "Moja!" Puu! "Mbili!" Timu yake ikaitikia, kisha ukumbi wote, makofi na vishindo vya viatu. "Tatu!"

Mguu ukasukuma. Jiwe likatoka mkononi laini kabisa.

"Sugueni!" Berna akapayuka. "Sugueni! Sugueni! Acheni! Acheni!" Jiwe likalipiga la njano, likalitupa nje, lenyewe likabaki duarani.

Kwa desturi mshindi humnunulia aliyeshindwa kinywaji. "Changu kiwe kikubwa," Ingrid akasema. "Nimejichimbia kaburi kwa mdomo wangu."

Berna alikuwa bado analia. "Yaani dawa yenyewe ni kelele, na hukutuambia? Sisi? Tunajua nini kingine?"

"Niliona haya," akasema Stefka.

Mwaka uliofuata Berna hakuudai unahodha; akabaki Stefka yule yule. Timu moja ya wageni ikaja, na Stefka alipochutama, ukumbi ukalipuka kwa makofi na kuhesabu. Nahodha wa wageni akaenda kwa Ingrid, aliyekuwa kati ya watazamaji, amekasirika, kuuliza hapa kwenu watu hawana adabu?

"Tunazo," Ingrid akamjibu, bila kuacha kupiga makofi. "Anayenyamaza sasa hivi ndiye hana. Piga makofi, bibie, mwenzako anasubiri."