Ibada za Lemuel Katika Kanisa Lililoungua

Kaka yangu Lemuel Gaines alipigwa chuma kichwani kwenye ngazi za kanisa letu, Mtaa wa Harlan, Memphis, Marekani, Jumapili mchana kweupe. Alianguka akiwa bado amevaa glavu zake nyeupe za ushemasi. Nilimshika kichwa, na damu ikanipita vidoleni hadi kwenye saruji. Naandika ili wajukuu wetu wamjue.

Alikuwa fundi wa breki, mnene, mcheshi, mwimbaji mbovu kupindukia. Ng'ambo ya barabara, mkabala na kanisa, bwana mmoja aitwaye Rudd alikuwa na baa. Watu walichomana visu pale mlangoni. Mjukuu wangu Tamsin, akisubiri basi la shule kituoni mbele ya baa hiyo, aliulizwa na mlevi, "Wewe bei gani?" Lemuel alimkunja yule mlevi mkono hadi akalia.

Rudd alitaka kibali cha wanawake wacheze uchi. Sheria ya mji ilimzuia: jumba la namna hiyo haliruhusiwi ndani ya futi elfu moja kutoka kanisa linalotumika. Kisha kanisa likaungua. Paa likaporomoka juu ya viti, na zimamoto wakasema walisikia harufu ya petroli.

Mchungaji Whitlow akatuhamishia ukumbi wa shule, akasema redioni, "Kanisa ni watu, si matofali." Tukaitikia Amina kwa machozi. Hatukujua kwamba tumejimaliza wenyewe. Kwenye kikao cha baraza la mji, wakili wa Rudd alitusikilizisha rekodi ya maneno yale. "Mchungaji wao mwenyewe anasema lile si kanisa. Ni matofali." Watu wakacheka. Baraza likaamua: isipofanyika ibada mle ndani kila wiki hadi majira ya joto yaishe, Rudd apewe kibali chake.

"Turudi," Lemuel akamwambia Mchungaji.

"Shemasi, kuta zitawaua."

"Basi zituue tukiwa tumepiga magoti."

Mchungaji hakuja. Tulirudi watatu: Lemuel, mimi, na Mama Earline, ambaye hasikii vizuri. Jumapili ya kwanza tulirushiwa chupa. Iliyofuata, risasi zilitoboa ukuta juu ya mimbari, vumbi likatumwagikia.

"Kuna mtu anabisha hodi?" akauliza Mama Earline.

"Ndiyo, Mama, ila hana adabu," Lemuel akamjibu kwa sauti kubwa, na kuendelea na sala akiwa amelala kifudifudi.

Mlinzi wa Rudd, jitu liitwalo Bo, alitungoja nje.

"Babu, Mungu wako hana hata paa!"

"Ndiyo maana anakuona vizuri, mwanangu."

Bo akampiga ngumi ya mdomo, akamkanyaga mbavu. Nilimpiga Bo kwa mkoba wangu wenye Biblia hadi mkanda ukakatika. Akanitupa ukutani kama nguo. Polisi walikuja, wakaandika, wakaondoka. Jumapili iliyofuata Lemuel aliimba bila meno ya mbele. Nilimsihi aache.

"Dada, nikiacha, Tamsin atasubiri basi wapi?"

Siku hiyohiyo, tulipotoka, Bo alikuja na chuma. Alimpiga Lemuel mara moja, akarudia Lemuel akiwa chini. Lemuel alifia mikononi mwangu.

Mchungaji alitaka mazishi yafanyike kanisa kubwa ng'ambo ya mji. Nikamwambia, "Ataagwa hapa, Mchungaji, au utamzika bila mimi." Majira ya joto yalikuwa yanaisha, na ibada ya wiki ya mwisho ingekuwa ya jeneza lake. Mchungaji alikubali. Mtaa mzima ulikuja, tukasimama kwenye majivu. Mawe yalirushwa kutoka upande wa baa. Moja liligonga jeneza, jingine likampasua Mchungaji paji la uso. Alihubiri damu ikimwingia jichoni, na mkaguzi wa baraza la mji, aliyetumwa kuona kama ibada inafanyika, akiwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

Rudd alinyimwa kibali. Bo yuko gerezani. Baa bado ipo, na wiki iliyopita kijana mmoja alipigwa risasi ya paja palepale kwenye kituo cha basi. Mahubiri yanasema nisamehe. Nimeomba kwa magoti, na bado nikifumba macho nauona mkono wa Bo ukipanda mara ya pili, nami natamani kuuvunja. Bwana anajua. Jumapili nitafungua kanisa nikiwa na hasira hiyohiyo, kwa sababu sina moyo mwingine wa kuingia nao.