Safu ya Chanzo

Nililifunga daftari kalamu ikiwa bado ndani. Msimamizi alikuwa amenisimamia kichwani, ananisubiri. Alikuwa ameshanitajia cha kuandika: "Chanzo: uzembe wa mfanyakazi. Hatua iliyochukuliwa: ameonywa." Pikipiki iliyombeba mwenzetu kwenda hospitali ilikuwa haijafika hata barabara kuu, tulikuwa bado tunaisikia. Kitenge chake cha bluu chenye ndege kilikuwa kimejisokota kwenye puli ya mashine ya kukoboa kahawa, na fundi alikuwa amechuchumaa anakikata kwa wembe, vipande vipande, ili kazi iendelee.

"Nani ameonywa?" nikamwuliza.

"Andika tu."

"Nauliza, ameonywa saa ngapi? Alipokuwa anapiga kelele au alipozimia?"

"We karani, leo umeamkia pombe ya rubisi?" akasema mbeba magunia mmoja, na wawili watatu wakacheka kile kicheko cha watu wenye hofu.

"Siandiki."

"Mashine haiwashwi mpaka ajali iandikwe," msimamizi akasema. "Huo ndio utaratibu."

"Basi isiwashwe."

Nikamwinua mwanangu kutoka kwenye magunia matupu alikokuwa amelala, nikamweka mgongoni, daftari nikalibana kati ya mgongo wangu na tumbo lake, nikakaza mbeleko. Nikatoka. Hakuna aliyenifuata. Kunipokonya daftari ilikuwa lazima kwanza kumwamsha mtoto, na mtoto yule alikuwa anaota meno. Kiwanda kizima kilimjua.

Mimi si karani. Ni mchambuzi wa kahawa. Tunakaa mstari, wanawake kumi na kitu, kila mmoja na ungo wake, tunatoa punje nyeusi na zilizovunjika. Kiwanda kiko nje kidogo ya Bugene, si kikubwa, ukipita na bodaboda unaweza kudhani ni ghala. Ukarani niliupata siku msimamizi alipotuuliza nani amemaliza kidato cha nne. Nilinyoosha mkono haraka kama niko darasani. Alisema kalamu inamchosha, anataka mtu wa kuandika daftari la ajali. Mkono wake wa kulia una vidole vitatu, kwa hiyo sikuuliza zaidi.

Nilifurahi, nakiri. Nilipiga mistari kwa rula na peni nyekundu: tarehe, jina, kilichotokea, chanzo, hatua. Yeye anataja, mimi naandika. Mzee mmoja aliangukiwa na rundo la magunia, akaumia kiuno. Uzembe. Binti aliteleza kwenye maganda ya kahawa yaliyolowa. Uzembe. Fundi alipigwa na umeme kwenye waya uliochubuka. Uzembe, ingawa waya haukuwa wake. Mwandiko wangu ni mzuri. Uzembe ulionekana umependeza.

Sasa huyu aliyepelekwa hospitali. Ni mama wa umri wa mama yangu, anakaa kata ya Ndama. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa hapa hapa, na Kinyambo chake, lugha ya huku, kinanishinda mimi niliyeletwa na ndoa kutoka Muleba. Kazini tulikuwa tunakaa ubavu kwa ubavu. Nikila, yeye ndiye anashika mtoto. Mtoto akilia mikononi mwangu na kunyamaza mikononi mwake, ananiambia, "Umeona? Anajua nani hapa anajua kazi." Jumamosi ile mkanda wa mashine ulimvuta kitenge, kitenge kikavuta mkono. Vidole vitatu vya kulia vilibaki hospitali. Na hivyo ndivyo ilivyotakiwa niandike: uzembe.

Jumapili nilipotoka kanisani niliketi mlangoni, mtoto anatambaa, nikafungua daftari lile na kuanza kulinakili lote kwenye daftari la shule. Baba wa mtoto anaendesha bodaboda Murongo, mpakani. Alipiga simu nikiwa katikati.

"Nasikia umeiba kitabu cha tajiri."

"Nimekiazima."

"Utafukuzwa, mama."

"Wakinifukuza nitakuja kukaa nyuma ya pikipiki yako, niwaambie abiria wako unavyoendesha."

Alicheka, halafu hakucheka. "Una hasira, siyo?"

"Ninayo."

Kurasa za mwanzo sikuwahi kuzisoma, ziliandikwa kabla yangu. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa mwandiko ulikuwa umepinda, herufi zinaanguka nje ya mstari, kama za mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Fundi mitambo, mkanda wa mashine ya kukoboa, vidole viwili. Chanzo: uzembe wangu. Jina lililokuwa pale lilikuwa la msimamizi.

"Uzembe wangu." Nilirudia kusoma hayo maneno mawili mpaka mtoto akafika kwenye peni nyekundu na kuitia mdomoni.

Jumatatu nilirudisha daftari. Nilikuta mashine inanguruma, ilikuwa imewashwa tena Jumamosi ile ile mchana. Utaratibu mwingine ulikuwa umepatikana. Msimamizi alilipokea, akafungua, akaona mstari wa Jumamosi una tarehe na jina tu, akalifunga. Mimi nikaenda kwenye ungo wangu.

Kazi ya kuchambua ina faida moja: mikono inafanya kazi, mdomo uko huru. Nikawauliza wenzangu mmoja mmoja. Yule mama alifuata nini kwenye mkanda, wakati yeye ni mchambuzi? Wakanieleza, na mengine nilikuwa nayajua ila sikuwahi kuyapanga. Punje zinaruka kutoka kwenye mashine zinaanguka chini ya mkanda. Wachambuzi ndio wanaozizoa, na punje zikipotea tunasemwa sisi. Jumamosi umeme ulikuwa unakatika na kurudi, kwa hiyo tukaambiwa tuzoe mashine ikiwa inazunguka, haraka, kabla haujakatika tena. Yeye aliinama kwa sababu aliambiwa ainame.

Nikamfuata fundi. "Mkanda huu haukuwa na kava?"

"Lilikuwepo. Mkanda ulikuwa unachomoka kila mara. Kufungua bolti nne kila ukichomoka, nani ataweza? Likatolewa."

"Liko wapi?"

Alinyoosha kidevu kuelekea mlangoni. Pale mlangoni kuna pipa la maji ya kunywa, na juu ya pipa kuna kifuniko cha bati zito, kimepinda upande mmoja. Miaka miwili nimekiinua kile kifuniko kila siku nikichota maji. Kina matundu manne pembeni. Siku nyingine nilikuwa naingiza kidole kwenye tundu ili kisiniponyoke.

Saa ya chakula nilichana kamba ya mgomba, nikapima matundu ya kwenye mashine, nikafunga fundo kila penye tundu. Nikaenda nayo kwenye pipa. Nilikuwa nimekiweka kile kifuniko chini, nahangaika kushika kamba pande zote mbili, nikaona viatu vya msimamizi. Nikasema moyoni, haya, sasa nimefukuzwa.

Alichuchumaa, akashika ncha ya pili kwa vidole vyake vitatu.

"Kaza," akasema.

Nikakaza. Mafundo yote manne yakaangukia kwenye matundu.

"Ndilo lenyewe," akasema. "Mimi ndiye niliyelitoa. Wakati ule nilikuwa fundi."

"Aliyekuambia ulitoe ni nani?"

Alisema, "Nililitoa mimi, nikakatwa mimi. Niliona ni haki niandike hivyo."

"Ulikuwa unaandika kwa kushoto."

"Kwa kushoto, ndiyo. Ilinichukua nusu saa." Akaniangalia. "Una watoto wangapi?"

"Mmoja."

"Mimi nina sita. Hapa sijakuona."

Akanyanyua kile kifuniko akakirudisha juu ya pipa, taratibu, akakisawazisha vumbi lisiingie kwenye maji. Tangu siku ile nimejaribu kumchukia sawasawa, nashindwa. Hasira yangu inampita, inaenda mbele yake.

Wiki iliyofuata yule mama aliruhusiwa kurudi nyumbani. Nilimkuta Ndama ameketi kwenye mkeka, mkono umefungwa mkubwa kama ndizi iliyoviringishwa kwenye majani. Nilikuwa sijamaliza kusema shikamoo gari la mwenye kiwanda likaingia uani. Alileta sukari, sabuni, mchele, na mkungu mzima wa matoke. Ni mtu mpole, niseme ukweli. Alivua kofia. Aliuliza kama anapata usingizi, kama dawa zipo, kama wajukuu wanafika shule. Majirani walisimama kwenye migomba wanaangalia.

Kwetu mgeni wa namna ile hupewa kahawa ya kutafuna, zile punje zilizochemshwa na maganda yake zikakaushwa. Mama alikuwa nazo kwenye kikapu kidogo pembeni yake. Aliunyanyua mkono wa kushoto, akaurudisha.

"Mpe wewe," akaninong'oneza. "Mkono uliobaki haufai kumpa mgeni."

Mwanamke ambaye amepitisha mikononi mwake kahawa ya nusu ya wilaya hii hakuweza kumpa mtu punje tatu za kutafuna nyumbani kwake mwenyewe. Nilimpa mgeni mimi. Sikumtazama usoni, akadhani ni heshima.

"Ajali ni ajali, mama," alisema akitafuna. "Ukipona utakuja, tutaona."

Alipoondoka nikasema naenda kushtaki.

"Usinitafutie maneno, binti yangu," mama akasema. "Amekuja mwenyewe. Amekaa kwenye kiti changu, ametafuna kahawa yangu. Matajiri wangapi wanafika huku? Nikishtaki, kesho wataniuliza wazazi wangu walitokea wapi."

"Wanataka uandikwe mzembe."

"Kitenge kilikuwa kirefu. Labda nilizembea."

"Anayeandikwa hivyo haitwi tena kazini. Unadhani 'tutaona' ni nini?"

Mtoto wangu alikuwa amefika mapajani mwake, anachezea bandeji. Alikuwa anamzuia kwa mkono wa kushoto, polepole.

"Yule mzee wa magunia," akasema, "aliandikwaje?"

"Mzembe."

"Na nani?"

Ningeweza kusema, "Na msimamizi." Maneno yalikuwa ya msimamizi.

"Na mimi," nikasema.

Hakunikaripia, na ingekuwa nafuu angenikaripia. "Mzee yule ndiye alinijengea jiko hili," akasema. "Alipoacha kuja kazini nilidhani amechoka." Akamfuta mtoto mate. "Basi ukiandika, usianze na mimi. Anza na yeye."

Niliandika mara tatu. Mara ya kwanza yalikuwa matusi. Mara ya pili nilimsema msimamizi peke yake, nikaichana. Ya tatu niliipeleka Kayanga, ofisi za wilaya. Dada wa mapokezi aliniambia afisa kazi yuko Bukoba, lakini barua itapokelewa na kupelekwa. Nikamwambia sitoki bila muhuri kwenye nakala yangu. Akaniangalia, akamwangalia mtoto aliyeanza kukunja uso, akagonga muhuri. Nakala ninayo. Inasema hivi:

Kwa Afisa Kazi.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU AJALI ZA KAZINI NA NAMNA ZINAVYOANDIKWA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mchambuzi katika kiwanda cha kahawa nilichokitaja juu ya bahasha. Pia mimi ndiye mwandishi wa daftari la ajali la kiwanda hicho.

Kwanza, nalalamika kuhusu mzee aliyeangukiwa na magunia. Niliandika kuwa chanzo ni uzembe wake. Si kweli. Magunia yalipangwa kupita kimo cha mtu, naye hakuyapanga yeye. Hakuitwa tena kazini.

Pili, niliandika hivyo hivyo kwa binti aliyeteleza na fundi aliyepigwa na umeme. Si kweli pia. Nilitajiwa maneno, lakini mwandiko ni wangu na nilijua. Nakala ya kurasa zote nimeambatanisha.

Tatu, mama wa Ndama amepoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia kwenye mkanda wa mashine usio na kava. Aliagizwa kuzoa kahawa chini ya mkanda mashine ikizunguka. Mkanda huo huo uliwahi kumkata mtu mwingine, ukurasa wa kwanza wa daftari unaonyesha. Mtu huyo alijiandika mwenyewe kuwa mzembe. Naomba naye asihesabiwe hivyo, hata kama hajaomba.

Nne, mashine iliwashwa siku ile ile na inafanya kazi mpaka leo. Wachambuzi wanaendelea kuzoa chini yake.

Naomba mfike mkague wenyewe, mama huyo na mzee huyo waitwe waseme, na safu ya chanzo iandikwe upya na mtu asiyetajiwa cha kuandika. Kwenye mstari wa mama huyo safu hiyo bado iko wazi. Mimi nimekataa kuijaza.

Mkifika, kava la mkanda halijapotea. Pipa la maji ya kunywa liko kushoto mwa mlango, na kava ndilo kifuniko chake. Lina matundu manne. Naomba mlipime kwanza, kabla hamjazungumza na mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Mwandishi wa daftari.