Kurasa Zenye Ukingo Mweupe

Mama Pétronille alikuwa na miaka hamsini na minane alipopewa cheti cha kusoma na kuandika katika masomo ya watu wazima ya parokia yake, mjini Kalemie. Ilikuwa Desemba. Jumapili ya kwanza ya Januari, padri alipouliza ni nani watakaosoma ukurasa mmoja wa Biblia kila siku mwaka mzima, aliinua mkono kabla swali halijaisha, na njiani kurudi nyumbani akajiuliza ni nguvu gani iliyouinua.

Aliamua kusomea kazini. Kazi yake ni kukausha ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, juu ya vichanja vya waya karibu na pale mto Lukuga unapotoka ziwani. Wakishaanikwa, kinachobaki ni kuwageuza na kuwafukuza kunguru. Siku nne za kwanza zilikwenda vizuri mno. Dunia iliumbwa, bustani ikapandwa, nyoka akasema yake, na sauti ya Mama Pétronille haikukwama popote.

Siku ya tano Victorine, jirani yake wa vichanja, aliyesoma sekondari hadi mwaka wa tatu, alikuja kuomba chumvi. Akasimama nyuma yake akisikiliza, kisha akacheka hadi akashika kiuno.

"Mama Pétronille, ukurasa uliisha zamani, weye unaendelea tu. Hiyo ingine unaisomea wapi, kwa kitenge chako?"

Ilikuwa kweli. Hakuwa amegeuza karatasi. Miaka yote aliyokaa kanisani akisikiliza ilikuwa imejaa kinywani mwake, na kinywa kilikuwa kimetangulia, macho yakifuata nyuma kwa uvivu. Mchana kutwa aliwageuza samaki bila kuwaona. Hata darasani, alikumbuka, sentensi za ubaoni walikuwa wakizirudia kwa pamoja kama wimbo. Huenda hakuwahi kusoma neno hata moja. Huenda alikuwa amemdanganya mwalimu Clémence, na padri, na yule ambaye hadanganyiki.

Asubuhi iliyofuata aliishika Biblia ikiwa imefungwa, akaitazama kwa ubavu. Ilikuwa ya marehemu mama yake. Penye Zaburi na Injili ukingo wa karatasi ulikuwa umekuwa mweusi kwa vidole vya watu wa nyumbani. Kwingineko ulikuwa mweupe kama siku ulipotoka dukani. Huko, alifikiri, hakuna aliyekaa, na wala yeye hakuwahi kupelekwa huko na mahubiri yoyote. Huko ulimi wake usingekuta kitu cha kuazima. Akafungua penye weupe.

Mwendo ulikuwa wa kobe. Siku ya kwanza, mistari sita. Ukurasa mmoja ulimchukua siku mbili, wakati mwingine tatu, naye akaomba msamaha kwa ahadi yake kupungua. Kila ukurasa ulipoisha alifungua penye weupe mwingine, akakutana na majina ya watu waliozaana bila kikomo, na vipimo vya mbao. Silabi zilimtii, lakini shaka haikuondoka: kutamka jina la mtu usiyemjua, je, huko ndiko kusoma?

Mwishoni mwa Januari, katika habari za wafalme, kidole chake kilifika kwa mwanamke mmoja, suria wa mfalme aliyekufa. Wanawe wawili walikuwa wametolewa na mfalme mpya wauawe kwa kosa lisilokuwa lao, na miili yao ikaachwa mlimani. Mwanamke yule akatwaa nguo ya gunia, akaitandika juu ya mwamba, akakaa. Akakaa tangu mwanzo wa mavuno hadi mvua iliponyesha. Mchana hakuwaacha ndege watue juu ya wanawe, wala usiku wanyama wawakaribie.

Mama Pétronille alisimamisha kidole. Alirudi mwanzo wa mstari, akaupita tena neno kwa neno, na maneno hayakubadilika. Hakuna kinywa kilichokuwa kimempa habari hii. Ilikuwa imetoka kwenye karatasi ikaingia ndani yake peke yake, na kule ndani ikamkuta mtu anayejua jinsi bega linavyouma kwa kuwapungia ndege fimbo toka jua kuchomoza. Lakini yeye hulinda samaki, tena jioni huenda nyumbani. Aliona aibu kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi mahali penye msiba.

Akamwita Victorine, akamwonyesha, akamuuliza kama aliwahi kuisikia. Victorine aliinama, akasoma kwa macho, bila sauti. Safari hii hakucheka.

"Hapana, mama," alisema taratibu. "Hata siku moja. Kumbe njo iko humu, miaka yote hii?"

Macho yake, yaliyozoea kukimbia, yalikuwa yameshatangulia chini ya ukurasa. Uso wake ukabadilika. "Basi mufalme aliposikia..."

Mama Pétronille alifunika mistari iliyobaki kwa kiganja.

"Usiniambie, Victorine. Nitafika mwenyewe kesho."