Shikamoo Isiyofika Didia

Niwaeleze aibu yangu kabla wenzangu wa ofisini hapa Geita hawajawasimulia kwa kuongeza chumvi. Ninachangia kuandika mfumo mkubwa wa kuunda programu, wa chanzo huria, yaani ulio wazi kwa yeyote kuuboresha. Kazi yangu ilikuwa kuuwezesha uunde programu kwenye laptop, lakini programu hiyo ifanye kazi kwenye kompyuta ya aina nyingine kabisa. Kompyuta ya majaribio niliiacha kwa mama, kijijini Didia, pamoja na spika, ipokee programu kutoka laptop yangu kwa mtandao. Jaribio likifaulu, itoe salamu niliyoirekodi kwa sauti yangu.

Kila asubuhi laptop ikiandika "imefaulu", nilimwona mama akilini akiacha kupepeta karanga ili aniitikie. Nilitamani sana kumsikia, ila simu nikaona ya nini, wakati tunasalimiana kila siku.

Jana tulikuwa na kikao cha mtandaoni. Nikaunganisha laptop na spika ya ofisi, nikawatambia wenzangu wa mradi: "Sasa hivi mama yangu anasalimiwa kijijini." Nikabonyeza.

"Shikamoo mama. Nimekukumbuka." Sauti yangu ikanguruma palepale ofisini.

Kumbe mfumo wangu ulikuwa ukiiundia programu laptop yenyewe na kuijaribu humohumo. Siku zote nilikuwa nimezima sauti nisisumbue watu. Mama hakuwahi kusikia kitu.

Mama Neema, anayetuuzia chai, akaweka chupa yake mezani.

"Marahaba mwanangu," akaitikia. "Huyo mama yako umempigia lini?"