Mgeni Aliyejibu "Ujamaa"

Mgeni wetu wa Krismasi mwaka ule alikuwa mwalimu, Mmarekani mweusi, niliyefahamiana naye kwenye hoteli ya mjini Moshi nilikokuwa nafanya kazi ya mapokezi. Wenzake wote walikuja kupanda mlima. Yeye akasema mlima atautazama kwa chini tu, anachotaka ni nyumba yenye watu. Nikampandisha kwa mama yangu, Marangu. Mchaga gani atakosa kwao Krismasi? Bora akose mshahara.

Sasa, kwao wana sikukuu inayoanza kesho yake ya Krismasi. Inaitwa Kwanzaa. Ni "kwanza" yetu hii hii, ila wameiongezea "a" mwishoni. Wamarekani hawana ubahili. Kila siku ina neno lake la Kiswahili, na ukiulizwa "Habari gani?" hujibu nzuri, unajibu neno la siku. Mambo hayo mimi nilikuja kuelezwa baadaye. Mama hakuwa na habari nayo kabisa.

"Habari gani, mwanangu?" akamuuliza asubuhi ya kwanza.

"Umoja!"

Mama akadhani ni salamu ya kanisani, akaitikia, "Umoja na amani." Kesho yake jibu likawa "Kujichagulia!" Haya, achague. Mama akampangia mezani mtori na kiburu, yaani ndizi kwa ndizi, huku akininong'oneza kwamba huyu mgeni ni mteuzi. Siku ya "Ujima!" mwalimu wa watu alikiona cha mtema kuni: alikabidhiwa mundu, wakaenda wote kukata majani ya ng'ombe.

Ndipo ikafika asubuhi ya "Ujamaa!"

Mama akatua kikombe. "Yesu na Maria! Umerudi? Nani kasema, redio?" Akainuka mbio kwenda kuangalia sukari yake.

Msimcheke. Enzi zile za siasa ya Ujamaa alikuwa akipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, anarudi na kipande cha sabuni. Sasa sokoni Kiboriloni sukari ilikuwa imejaa tele, na hakutaka mtu amrudishie foleni, hata awe mgeni wa kutoka ng'ambo. Lakini mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Mgeni hakucheka. Alidhani tunamcheka yeye, na machozi yakamlengalenga. Akaanza kusema, nami nikimtafsiria mama. Wazee wake walitoka Afrika magharibi, si huku, na wapi hasa hakuna ajuaye, maana waliuzwa. Kiswahili watu wake walikichagua tu, kwa kuwa si cha kabila moja. Bibi yake ndiye aliyemfundisha kuwasha mishumaa ya sikukuu na kuwamwagia wazee kinywaji, kila mmoja kwa jina lake. Bibi alitamani kumwaga kwenye udongo wa Afrika, akafa kabla hajafika. Yeye amekuja kumwaga kwa niaba yake.

"Na sasa naona hata maneno yenyewe ni ya kuazima," akasema. "Nitamwaga kwa haki gani?"

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwambie Kiswahili si cha mama yangu pia. Mimi nilikipata shuleni, kwa fimbo. Yeye angalau alikichagua."

Akajaza kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, akatuongoza migombani mpaka kwenye kaburi la bibi yangu, lililozungushiwa masale, mmea wetu wa heshima. Padri angetuona, tungekoma. Mgeni akapewa kata. Akamwaga kidogo, akamtaja bibi yake. Akamtaja mama wa bibi, kisha mwanamke mwingine nyuma ya huyo. Hapo akakwama. Hakuwa na jina jingine, na kata bado ilikuwa nusu. Akabaki ameishika. Roho iliniuma mno.

"Mwaga, mwanangu," mama akamwambia. "Mwaga yote. Hawa wetu wamekaa tu hapa, hawana kazi. Watakutafutia."

Akamshika mkono, wakaiinamisha kata pamoja. Kisha mama akaanza kuwatuma wafu wetu, mmoja mmoja kwa jina, kwa Kichaga na kwa ukali, waondoke sasa hivi wakawatafute watu wa huyu mtoto.