Trekta Yenye Kengele

Ng'ombe wa mama walikuwa wamekula maua yangu tena, na mimi nilikuwa nimechoka. Nilitaka trekta ndogo ya kuchimba mashimo ya nguzo, niweke ua wa kuzunguka bustani, basi.

Tulienda pamoja mjini Kitengela, kwa muuza trekta. Mama aliziangalia trekta kama anavyoangalia fahali mnadani: akazunguka nyuma, akapigapiga magurudumu, akazipita zile kubwa zinazong'aa.

"Hii," alisema, akishika moja fupi, nene. "Iko na miguu. Hizo zingine zitalala kwa matope."

Muuzaji alicheka mpaka akashika mbavu, lakini akakubali: kwa udongo wetu mweusi, hiyo ndiyo.

Ilipofika nyumbani, mama aliinyunyizia maziwa ya baraka, kisha akaifungia kengele ya ng'ombe wake wa zamani aliyekuwa akiongoza kundi. Mgeni hapokelewi hivi hivi, alisema. Nani atabishana na mama yake?

Asubuhi niliiwasha, nikaelekea bustanini kuchimba shimo la kwanza. Kengele ikalia njia nzima. Nilipogeuka, ng'ombe wote walikuwa nyuma yangu, wametulia, wananifuata hadi kwenye maua.

Nilifoka. Mama alikuwa ameketi chini, anacheka mpaka machozi.

"Unaona?" akasema. "Nilikuchagulia kiongozi."