Tone Moja, Siku Mbili

Kanuni ya shangazi yangu ilikuwa fupi: tone moja, siku mbili. Hakuna aliyetoka kwake na chupa ya dawa ya gundi ya nyuki kabla hajapakwa tone moja upande wa ndani wa kiwiko na kukaa nalo siku mbili bila kuosha mahali hapo. Ngozi ikibaki kama ilivyokuwa, alipewa chupa. Ikiwa nyekundu au ikiota vipele, alirudishwa kwa heshima, akaambiwa asiiguse gundi hiyo tena maishani, iwe ya shangazi au ya mtu mwingine. Rufaa haikuwepo.

Naandika habari zake kwa sababu tumezoea kuwasifu watu wenye kanuni wakati wanapozitumia kwa wenzao. Hilo ni jambo jepesi. Mimi mwenyewe nimelifanya mara nyingi.

Shangazi alikuwa mtunza maabara wa shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita: mtu wa kupanga chupa, kubandika lebo na kuwafokea wanafunzi wanaonusa wasichokijua. Alipostaafu alinunua mizinga miwili. Baada ya muda ikawa minane, imepangwa nyuma ya nyumba kando ya ukuta unaotenganisha ua wake na karakana ya seremala.

Asali aliigawa kwa ndugu bila kuihesabu. Kilichomshika moyo ni ile gundi. Nyuki huchukua utomvu kwenye miti na machipukizi, huuchanganya na nta yao, kisha huziba nao kila ufa wa mzinga. Wafugaji wengi huikwangua na kuitupa, maana hunata kwenye vidole na nguo na haisikii sabuni. Shangazi aliikwangua kwa patasi kuukuu aliyopewa na seremala, akaigandisha kwenye friji mpaka ikawa ngumu kama kioo, akaitwanga, akailoweka kwenye spiriti safi ya duka la dawa. Wiki mbili aliitikisa chupa asubuhi na jioni. Kisha akaichuja kwa kitambaa cha pamba, ikatoka maji ya rangi ya chai nzito yenye harufu ya mbao mbichi.

Aliitoa kwa vidonda vya mdomoni, kwa mikwaruzo, kwa koo lililokauka. Si zaidi. “Homa ya siku tatu na kidonda chenye usaha si vyangu,” alikuwa akisema, “ni vya daktari.” Na kila aliyepakwa tone aliandikwa kwenye daftari la jalada gumu: mkono gani, tarehe gani, jibu gani.

Siku moja alikuja bwana mwenye sauti ya kuamrisha, mdomo umemvimba.

“Mama, nina haraka. Jumamosi nahutubia watu na mdomo huu haufunguki.”

“Umekuuma wiki nzima bila mimi. Siku mbili utanisubiri.”

“Unajua unaongea na nani?”

“Naongea na mkono. Kunja shati.”

Alikunja. Watoto wa mtaa wakamwita shangazi Bibi Tone, naye akaitika.

Katika miaka kumi na mmoja aliwakatalia watu kumi na tisa. Mmoja wao alikuwa mfugaji nyuki wa ng'ambo ya reli, aliyekuja kwa sababu ya mikono yake kupasuka. Kiwiko chake kilivimba. Shangazi alimwambia gundi imemkataa, na kwa kuwa hakuna mzinga usio na gundi, aachane na mizinga. Yule mzee alilia pale pale mlangoni. Kisha akaenda, akaigawa mizinga yake yote.

Asubuhi moja, baada ya majuma ya mvua na baridi, nilikuwa nimemtembelea shangazi nikasikia akigonga ukuta kwa jiwe.

“Seremala! Weka randa chini, njoo uone!”

“Kama ni nyuki, mwambie aliyekutuma kwamba nilikufa jana!” Seremala alikuwa mtu mkubwa wa mabega aliyewaogopa nyuki kuliko msumeno.

“Ni panya.”

“Panya wa kuitia watu, dada?”

Alikuja hata hivyo, mavumbi ya mbao kwenye nyusi. Juu ya meza ya jikoni, kwenye karatasi ya gazeti, alilala panya mzima: masikio, sharubu, mkia uliojikunja, vidole vya miguu unavyoweza kuvihesabu. Mwili wote ulikuwa wa kahawia, unang'aa.

Seremala aliinama. “Nani kampiga huyu vanishi?”

“Wao.”

Shangazi alitueleza taratibu, kama aliyesimama mbele ya darasa. Panya alikuwa ameingia mzinga wa tatu kutafuta joto. Nyuki walimchoma mpaka akafa. Lakini kumtoa hawakuweza. Kwao alikuwa kama tembo aliyefia sebuleni. Mlango wa mzinga ule shangazi aliuwekea waya majuma matano kabla ya siku hiyo, na tangu hapo panya asingeweza kupita. Kwa hiyo mzoga ulikuwa umekaa humo majuma matano kamili, kama si zaidi.

“Nusa,” alisema.

Seremala alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Kisha akashusha pua, polepole, mpaka karibu iguse manyoya. Akabaki hapo.

“Hanuki,” alinong'ona. “Dada, hanuki kabisa.”

Nami nilinusa. Palikuwa na harufu ya mbao mbichi tu. Mimi si mtu wa kushangaa ovyo, lakini siku ile nilivuta kiti nikakaa. Walikuwa na maiti ndani ya nyumba, hatua chache kutoka wanapolea watoto wao, na hawakuhama. Walikwenda kwenye miti wakarudi na utomvu miguuni, chembe kwa chembe, safari zisizo na idadi, mpaka wakamfunika kuanzia pua hadi ncha ya mkia, bila kuacha tundu la kupitisha sindano. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna aliyewasimamia. Katika maisha yangu nimeona watu wenye vyeti wakifunika uozo wa kila namna, lakini kazi safi ya kufunika niliiona siku ile tu, kwenye gazeti la juzi.

Seremala, ambaye kwa miaka alikuwa akiiita dawa ya shangazi maji ya kutishia watoto, alikohoa.

“Nami nina vidonda kwenye fizi.”

“Kiwiko,” alisema shangazi, akifuata chupa.

“Aa, dada! Hata mimi? Majirani miaka yote hii?”

“Ujirani hauonekani kwenye ngozi. Kunja.”

Alikunja huku akinung'unika, akapakwa tone, akaandikwa. Kisha, kwa sababu hakuwa mtu wa kushindwa bila kurusha neno, akaligonga daftari kwa kidole.

“Humu mna mikono ya mtaa mzima. Wako uko ukurasa gani?”

“Wangu?” Shangazi alicheka. “Mikono yangu inaishi humo humo kwenye gundi.”

“Sikuuliza inaishi wapi. Nimeuliza ukurasa.”

Nilicheka. Shangazi hakucheka tena. Alifungua daftari ukurasa wa kwanza, akalipitia jani baada ya jani, kama mtu anayetafuta kitu alichojua hakukiweka. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewapima wote isipokuwa mpimaji. Alipolifunga, alivuta mkono wa sweta, akajidondoshea tone, akaniambia niandike mimi. Mwenye mkono hajiandikii, alisema; hiyo nayo ilikuwa kanuni.

Nilipokuwa naandika niliona vidole vyake. Ngozi katikati ya vidole ilikuwa nyekundu na imepasuka. Tangu mwaka uliotangulia alikuwa akituambia ni sabuni, nasi tulimwamini.

Siku ya tatu asubuhi seremala alitangulia kufika, mkono umekunjwa tangu getini. Kiwiko chake kilikuwa safi kama cha mtoto mchanga.

“Leteni chupa yangu!”

Binti wa shangazi, ambaye ni muuguzi, alikuwa amekuja kumsalimia mama yake, naye akampigia makofi. Kisha shangazi akatoka chumba cha nyuma, alimotengenezea dawa. Jua lilikuwa kali, lakini alivaa sweta ya mikono mirefu.

Nataka msomaji asimame hapa pamoja nami. Tone lile hakuna aliyelilinda. Angeweza kusema “safi”, na sisi sote tungekunywa chai. Angeweza kusema alisahau akaoga, na seremala angemtania mpaka jioni, yakaisha. Mizinga minane ilikuwa inavuma nyuma ya dirisha. Kila mmoja wetu alijua mizinga ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi tangu alipostaafu.

Alivuta sweta. Doa lilikuwa pana kuliko mfuniko wa chupa, jekundu, limevimba, na juu yake vipele vyenye maji.

“Andika,” aliniambia. “Amekataliwa.”

Mkono wangu haukwenda. Alingoja mpaka ulipokwenda.

Binti yake alimpeleka kliniki siku hiyo hiyo. Daktari wa ngozi alisema ni mzio, kwamba huenda mwili uliujenga kidogo kidogo kwa miaka ya kushika gundi, na kwamba glavu zingepunguza madhara, lakini asitegemee kwamba zingeyaondoa. Binti alilishika neno la glavu.

“Mama, mbona rahisi? Vaa glavu. Sisi hospitalini tunavaa kutwa.”

“Watu kumi na tisa nimewarudisha kwenye mlango huu. Yupo hata mmoja niliyemwambia avae glavu?”

“Hao walitaka dawa tu! Hawakuwa wafugaji!”

“Mmoja alikuwa mfugaji.”

Seremala, aliyekuwa bado na chupa yake mkononi, aliitazama sakafu.

“Alilia hapo unaposimama, mwanangu. Alinisihi. Nilimwambia asiiguse gundi asilani, akaniamini, akaigawa mizinga yake. Leo nikivaa glavu mimi, kesho nikikutana naye njiani nitamwambia nini?”

“Dada,” alisema seremala taratibu, “neno langu lilikuwa mzaha tu. Naapa.”

“Najua. Ungekuwa umelitafakari, usingelisema.” Kisha akamtazama kiwiko. “Mkono wako ni safi.”

“Ndiyo… Hapana! Dada, hapana. Hilo usiliseme. Mimi nyuki wananijua, wananichukia!”

“Hawakujui. Ukipumua polepole hawatataka kukujua.”

Hivyo ndivyo mizinga minane ilivyopita upande wa pili wa ukuta, kwa mtu aliyetetemeka mpaka wavu wa kichwani ukatikisika. Shangazi alimfundisha kutoka dirisha la jikoni. Mtaa mzima ulisikia masomo yale. “Moshi kwanza! Usiivute fremu kama msumari, inyanyue! Unapumua kama ng'ombe!” Ilipofika zamu ya kuchuja chupa zake za kwanza, seremala alikuja na daftari jipya akaliweka dirishani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mkono wake mwenyewe, umepimwa upya na kuandikwa na fundi mwenzake wa karakana.

Shangazi alikwenda ng'ambo ya reli peke yake. Alichozungumza na yule mzee hakutuambia. Najua tu kwamba alikaa kutwa nzima, na mzee akamsindikiza mpaka nusu ya njia.

Hata panya hakubaki naye, maana alikuwa amefunikwa na gundi. Yumo kwenye maabara ya shule, ndani ya chupa ya mdomo mpana, na lebo yake ni ya mwandiko wa shangazi. Hajaoza.

Nimewahi kumuuliza kama anajuta. Alisema swali hilo ni la mtu aliyekuwa na njia mbili.

Vidole vyake vimepona. Asubuhi huweka kiti karibu na ukuta, umbali wa hatua sita, akasikiliza mvumo upande wa pili. Kanuni ile ilimgharimu mizinga minane na chumba cha nyuma asichoingia tena, na kazi aliyoipenda kuliko zote alizofanya. Tangu asubuhi ile hajafungua mzinga.